Kubadilisha volteji ya prosesa

Kubadilisha volteji ya prosesa ni kitendo cha kuongeza au kupunguza volteji inayopelekwa kwenye prosesa ya kompyuta, tofauti na kiwango kilichopangwa kiwandani. Kuongeza volteji hufanywa hasa kwa ajili ya kuzidisha kasi, yaani kuiendesha prosesa kwa mapigo mengi zaidi kwa sekunde kuliko iliyopimiwa. Kupunguza volteji hufanywa ili kupunguza joto na matumizi ya umeme. Njia zote mbili hutumika kwenye kompyuta za zamani, ambazo wenye nazo wanataka ziendelee kufanya kazi kabla ya kutupwa.

Volteji ya prosesa si volteji ya ukutani

Umeme wa nyumbani nchini Tanzania ni wa volti 230. Pawa saplai iliyo ndani ya kompyuta huushusha hadi volti 12, 5 na 3.3. Kisha sakiti ndogo kwenye bodi mama, karibu na prosesa, huushusha tena hadi kiwango ambacho prosesa inahitaji. Kwa hiyo stabilaiza ya mezani huilinda pawa saplai tu, wala haibadilishi volteji ya prosesa.

Kiwango hicho kimekuwa kikishuka kadiri transista zilivyofanywa ndogo. Prosesa za kwanza za Pentium za mwaka 1993 zilitumia volti 5. Pentium MMX ya mwaka 1997 ilitumia volti 2.8, na Pentium 4 aina ya Northwood ya mwaka 2002 ilitumia takriban volti 1.5.

Kwa nini kasi huhitaji volteji

Sehemu ya maji ya mji wa Morogoro hushuka kutoka vijito vya milima ya Uluguru. Chanzo kikiwa juu zaidi, msukumo wa maji bombani huwa mkubwa zaidi na ndoo hujaa upesi. Volteji ni kama msukumo huo. Kila pigo la saa ya prosesa ni kama kengele, na kila ndoo lazima ifike kwenye alama kabla kengele inayofuata haijalia. Ukiongeza kasi, muda kati ya kengele mbili hupungua. Ndoo ambazo hazijafika alama husomwa vibaya, na kompyuta hukosea hesabu, huganda au hujizima. Volteji ikiongezwa kidogo, ndoo hujaa kwa wakati. Lakini bomba lisilohimili msukumo hupasuka.

Gharama ya joto

Nguvu inayotumiwa na prosesa hulingana na kasi ya mapigo ikizidishwa kwa kipeo cha pili cha volteji. Tuchukue mfano wa Celeron 300A, iliyotolewa na Intel mwaka 1998. Ilipangwa kwa megahezi 300 na volti 2.0, lakini nyingi ziliweza kufikia megahezi 450. Kwa volteji ileile, matumizi ya nguvu huongezeka mara 1.5, sawa na kasi. Kwa volti 2.2, huongezeka mara 1.5 × 1.21, yaani mara 1.8 hivi. Kama prosesa ilitumia wati 20, sasa itatumia wati 36, na karibu zote hugeuka joto.

Joto hilo huongezwa juu ya joto la chumba. Kipoza joto kinachopandisha nusu nyuzi kwa kila wati, kikibeba wati 60, huifanya prosesa iwe na nyuzi 30 za Selsiasi zaidi ya hewa inayoizunguka. Mjini Morogoro, kwenye mita 500 hivi juu ya usawa wa bahari, mchana wa Januari wenye nyuzi 32 huifikisha prosesa nyuzi 62. Katika kijiji cha Uluguru kilicho mita 1,000 juu zaidi, hewa inaweza kuwa na ubaridi zaidi kwa nyuzi 6 hivi, ingawa sehemu ya faida hiyo hupotea kwa sababu hewa nyepesi ya milimani hubeba joto kidogo.

Njia zilizotumika

Prosesa huieleza bodi mama volteji inayohitaji kwa kutumia pini maalumu. Katika bodi nyingi kiwango hicho hubadilishwa kwenye BIOS. Pale BIOS isiporuhusu, kama ilivyo kwa kompyuta nyingi za ofisini, mafundi walizidanganya pini zenyewe. Kwenye prosesa za Slot 1 walifunika baadhi ya viguso kwa utepe usiopitisha umeme. Kwenye soketi 478 waliunganisha pini kwa waya mwembamba. Kwenye Athlon na Duron za mwaka 2000, vidaraja vidogo juu ya prosesa viliweza kuunganishwa kwa risasi ya penseli, kwa kuwa grafiti hupitisha umeme.

Baadaye zilikuja programu kama RMClock na ThrottleStop, ambazo hubadilisha volteji bila kugusa vifaa. Mwaka 2019 watafiti walionyesha kwamba njia hiyo ingeweza kutumiwa kuvunja usalama wa prosesa, katika shambulio lililoitwa Plundervolt. Intel ikatoa masahihisho yaliyoifunga njia hiyo katika kompyuta nyingi.

Hatari

Volteji ikizidi, utando mwembamba wa kuhami ndani ya transista huharibika, na mkondo mkubwa pamoja na joto husogeza atomi za nyaya za ndani hadi nyaya zikatike. Madhara huenda yasionekane siku hiyohiyo. Watumiaji wengi wa Northwood waliozidisha volti 1.7 waliripoti kwamba prosesa zao zilikufa ghafla baada ya wiki au miezi.

Bodi mama nazo zina udhaifu. Nyingi za miaka ya 1999 hadi 2007 zilikuwa na kapasita mbovu zinazovimba au kuvuja. Kapasita iliyovimba kichwa ni ishara ya kutoongeza volteji hata kidogo.

Kupunguza volteji

Viwanda huweka volteji yenye akiba, ili hata prosesa dhaifu ya toleo hilo ifanye kazi. Kwa sababu hiyo prosesa nyingi huweza kuendeshwa kwa kasi ileile na volteji ndogo zaidi. Kutoka volti 1.3 hadi 1.2, matumizi ya nguvu hupungua kwa karibu asilimia 15. Kwa mtumiaji wa mahali penye joto na vumbi, faida hii mara nyingi ni kubwa kuliko ya kuongeza kasi: feni hupumzika, betri ya kompyuta mpakato hudumu, na prosesa haipunguzi kasi yenyewe kwa sababu ya kupata joto.

Kabla ya kubadilisha chochote, hatua ya kwanza ni kusafisha vumbi na kupaka upya pasta ya kupitisha joto. Kisha volteji hubadilishwa kidogo kidogo, na kila hatua hupimwa kwa saa kadhaa kwa programu kama Prime95. Kazi muhimu hunakiliwa kwanza mahali pengine, kwa sababu prosesa inayokosea hesabu inaweza kuharibu mafaili bila kutoa taarifa yoyote.