Kulwa na Doto Ndani ya Bomba

Haya, wapwa zangu wa Musoma, Bunda na Butiama, sogeeni. Mtungi wa gesi mnaujua. Unawekwa kwenye mizani, kilo zinasomwa, basi. Lakini kutoka Mtwara hadi Dar es Salaam kuna bomba la gesi lenye upana wa inchi 36, lililozinduliwa mwaka 2015. Gesi ya humo haitulii. Inapita usiku, inapita mchana.

"Sasa mjomba, inapimwaje bila mizani?"

Swali zuri! Swali zuri sana hilo. Mabomba makubwa namna hiyo yanaweza kupimwa kwa sauti. Tuwasikilize wapimaji wenyewe, sauti mbili pacha.

"Mimi ni Kulwa. Natoka ukuta huu wa bomba, nakata mshazari hadi ukuta wa pili. Gesi inanisukuma mgongoni. Nafika upesi."

"Mimi ni Doto. Njia yangu ni hiyohiyo, ila narudi. Gesi inanipiga usoni. Nachelewa."

Mbona hatuwasikii? Sikio la mtu linakomea kwenye mitetemo 20,000 kwa sekunde, na hawa wamevuka hapo.

Mmeuona mtumbwi wa makasia pale ziwani Musoma? Upepo ukiwa nyuma, unateleza tu. Upepo ukiwa mbele, wapiga kasia wanatoka jasho. Ndivyo walivyo Kulwa na Doto. Gesi ikisimama, wanatumia muda sawa. Gesi ikitembea, Doto anachelewa. Gesi ikikimbia, Doto anachelewa zaidi. Mita inausoma muda huo wa kuchelewa, ingawa ni mdogo kuliko kufumba na kufumbua jicho, na hapo kasi ya gesi inajulikana. Zidisha kasi kwa eneo la tundu la bomba, umepata gesi inayopita kila sekunde.

"Mjomba, na wasipokata mshazari? Wakivuka moja kwa moja?"

Wewe una akili, mtoto wewe! Gesi ingewapiga wote ubavuni, wala asingekuwepo wa kumtangulia mwenzake.

"Na gesi ikipata joto?"

Kwenye joto sauti hukimbia zaidi. Lakini Kulwa na Doto wanapita kwenye joto lilelile. Muda wa mmoja ukilinganishwa na wa mwenzake, joto linajifuta lenyewe kwenye hesabu. Hapo ndipo ninapopapenda kuliko pote.

Kuna mita nyingine zenye gurudumu linalozungushwa na gesi, na gurudumu huchakaa. Hii ya sauti haina kinachozunguka ndani. Vituo vingine vya hali ya hewa hupima upepo kwa njia hiihii.