Ekuteri za wazi au za kuziba sikio? Besi ina jibu lake, barabara ina lake

Kwenye meza za wauzaji wa vifaa vya simu, iwe Kadutu mjini Bukavu au Birere mjini Goma, ekuteri za aina mbili huning'inia pamoja. Za kwanza zina kichwa kigumu cha plastiki ambacho hukaa mlangoni mwa sikio bila kuingia ndani. Za pili zina kipira laini kinachoingia kwenye tundu la sikio na kuliziba. Mnunuzi hutazama rangi, huuliza bei, hujaribu wimbo mmoja katikati ya kelele za soko, kisha hulipa na kwenda. Baada ya siku mbili malalamiko huanza: hazina besi, zinaumiza, zinaanguka kila akipanda mlima.

Mara nyingi ekuteri zenyewe hazina kosa. Zimevaliwa vibaya, au zimepelekwa mahali ambapo hazikutengenezewa.

Ili kuelewa tofauti, inatosha kusikiliza rumba, ile ambayo UNESCO iliiandika mwezi wa kumi na mbili 2021 kwenye orodha yake ya urithi wa utamaduni kwa ombi la Kongo zote mbili. Rumba imejengwa juu ya gitaa kadhaa: akompa, mi-solo, solo, na chini yao gitaa ya besi inayobeba nyumba nzima. Uzi mnene kabisa wa gitaa ya besi, ukipigwa bila kubanwa, hutetemeka karibu mara 41 kwa sekunde. Gitaa ya solo, inapofika kwenye sebene, hutetemeka mamia ya mara kwa sekunde, hata kupita elfu.

Kwenye ekuteri za wazi, sebene hutoka safi. Sauti ya mwimbaji husikika karibu na bila kulazimishwa. Lakini besi huwa imepungua: mtu anasikia kidole kikigusa uzi, hasikii uzito wake. Akihamia kwenye ekuteri za kipira, kama kipira kimekaa vizuri, ghafla gitaa ya besi inarudi, na ngoma ya mguu nayo, kana kwamba mtu amefungua mlango wa chumba walimokuwa wamefungiwa.

Sababu ni hewa. Sauti ya chini husukuma hewa polepole, mbele na nyuma, na kipande kidogo kinachopiga sauti ndani ya ekuteri hakiwezi kusukuma hewa nyingi. Kikiwa ndani ya tundu lililofungwa, ambalo kwa mtu mzima lina urefu wa sentimetri mbili na nusu hivi, nguvu hiyo ndogo inatosha kabisa. Kukiwa na pengo, hewa hutorokea hapo na besi huondoka nayo. Ni kama kupiga pampu kwenye mpira uliotoboka. Sauti za juu hazipati shida hiyo, maana hazihitaji chumba kilichofungwa ili zifike.

Hapo ndipo watu wengi hudanganyika. Wanaamini kwamba ekuteri za kipira zina besi kwa kuwa ni za kisasa zaidi. Lakini kipira kikiwa kidogo kuliko tundu la sikio, sauti yake inaweza kuwa mbaya kuliko ya ekuteri ya wazi ya bei ya chini. Aliyetengeneza ekuteri ya wazi alijua tangu mwanzo kwamba hewa itatoka, akapanga sauti kwa hesabu hiyo. Aliyetengeneza ya kipira alihesabu kwamba sikio litazibwa. Lisipozibwa, kinachobaki ni sauti nyembamba na kali, kama redio ndani ya kopo. Mtu hulaumu duka, na kumbe vipira vya saizi nyingine vilibaki kwenye karatasi ya plastiki iliyotupwa siku ya kwanza.

Wazo la kuziba sikio ili kusikia muziki vizuri si jipya. Nchini Marekani, mhandisi Mead Killion na kampuni yake Etymotic Research walitoa mwaka 1991 ekuteri iitwayo ER-4, iliyoingia ndani sana na kuzuia kelele za nje. Watu wa kwanza kuzipenda za aina hiyo walikuwa hasa wale wanaofanya kazi na sauti. Miaka michache baadaye, Jerry Harvey, fundi sauti wa kundi la Van Halen, alimtengenezea mpiga ngoma Alex Van Halen ekuteri za kuziba masikio, ili asikie wenzake jukwaani bila kushindana na kelele za spika. Kutoka kazi hiyo ilizaliwa kampuni ya Ultimate Ears. Leo waimbaji wengi wa jukwaani, hata wa makanisani, huonekana na waya mwembamba ukipita nyuma ya sikio. Ni ukoo uleule.

Kampuni ya Apple inaonyesha vizuri kwamba mashindano haya hayajaisha. Mwaka 2012 ilitoa EarPods, za plastiki tupu, umbo moja kwa masikio yote ya dunia. Zisizo na waya, AirPods, zilitangazwa mwaka 2016 na umbo karibu lilelile. Mwezi wa kumi 2019 zikaja AirPods Pro, safari hii na vipira vya saizi tatu, pamoja na jaribio ndani ya simu linalomwambia mtu kama sikio limezibwa sawasawa. Mtu angefikiri ekuteri za wazi zimezikwa. Hapana. Mwaka 2024 kampuni hiyohiyo ilitoa AirPods 4, ambazo hazina kipira. Kuna watu wengi wasiovumilia kitu ndani ya sikio, na hakuna fundi atakayewabadilisha.

Hao wana sababu. Mtu akiziba masikio yote mawili kisha akazungumza, sauti yake mwenyewe humrudia kichwani, nzito, kama anazungumzia ndani ya pipa. Akitafuna muhogo, anasikia meno yake. Akishuka ngazi, kila hatua inagonga. Hiyo ni mitetemo inayopita kwenye mifupa ya kichwa na kukwama katika tundu lililofungwa. Sikio likiwa wazi, hutokea nje bila mtu kuitambua. Kwa anayepiga simu ndefu za biashara, ekuteri za wazi zinampumzisha zaidi. Na kwa kusikiliza habari, hazipungukiwi na kitu: maneno ya mtu hayategemei besi. Simu za zamani zilipitisha sehemu ya katikati tu ya sauti, na watu walielewana, walipendana na waligombana vizuri kupitia hizo.

Upande wa kukaa sikioni, ekuteri za wazi hazina huruma. Umbo ni moja. Mwenye sikio dogo hubanwa, na baada ya saa moja sehemu ile ngumu ya mlangoni mwa sikio inauma. Mwenye sikio kubwa anaziokota chini. Zamani zilikuja na vifuniko vyembamba vya sponji, na wengi walivitupa bila kujua faida yake: sponji huzuia kuteleza, hupunguza pengo, na hurudisha besi kidogo. Zile za kipira humpa mtu nafasi ya kuchagua, lakini ni lazima achague kweli. Sikio la kushoto na la kulia si lazima yalingane, kwa hiyo si ajabu mtu mmoja kuvaa kipira cha kati upande mmoja na kikubwa upande wa pili.

Namna ya kujaribu haihitaji mashine. Mtu aweke wimbo wenye besi nzito, avae ekuteri, kisha azisukume ndani polepole kwa kidole. Kama besi inaongezeka sana akisukuma na kupotea akiachilia, kipira ni kidogo. Kama kinaumiza au kinajisukuma nje chenyewe, ni kikubwa. Wakati wa kuvaa, mkono wa pili uvute sikio juu na nyuma kidogo. Tundu hunyooka na kipira hukaa mahali pake. Baadaye azungumze, afungue kinywa. Taya likisogea, tundu nalo hubadilika umbo, na kipira kisichofaa huachia hapo.

Lakini muziki ni nusu tu ya jambo hili. Nusu ya pili iko barabarani.

Kile kinachofanya ekuteri za kipira ziwe nzuri ndicho kinachozifanya ziwe za hatari nje. Zikikaa vizuri zinaweza kupunguza kelele za nje kwa desibeli 20 au zaidi, hata muziki ukiwa umezimwa. Muziki ukianza, honi ya lori linaloteremka nyuma huwa kitu cha mbali. Katika miji ambamo watembea kwa miguu, pikipiki, tshukudu na magari vinagawana kipande kimoja cha njia, na mara nyingi hakuna sehemu ya pembeni ya kutembelea, sikio ndilo linalotazama nyuma. Motari anayeziba masikio yote mawili chini ya kofia yake amejinyima kitu ambacho vioo vya pikipiki haviwezi kumrudishia, na abiria aliyempakia hakuulizwa. Barabarani, asiyeweza kuacha muziki afadhali avae ekuteri za wazi kwa sauti ndogo. Asiye na za wazi, aziweke mfukoni.

Wengine huvaa upande mmoja tu. Inasaidia, ila ina mtego wake: sikio moja husikia sauti kuwa ndogo kuliko masikio mawili yakisikia pamoja, na mtu huongeza sauti bila kujua, kisha sikio hilohilo ndilo linalopokea mzigo kila siku.

Ekuteri za wazi nazo zina hatari yake, na hiyo haionekani haraka. Hazizuii kelele. Ndani ya basi lenye injini inayonguruma, karibu na jenereta, au mbele ya spika za jirani, mtu hana njia nyingine ya kusikia wimbo wake ila kuupandisha juu ya kelele hizo. Anapandisha, kelele zinaongezeka, anapandisha tena. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba zaidi ya vijana bilioni moja wako katika hatari ya kupoteza uwezo wa kusikia kwa sababu ya namna wanavyosikiliza. Kipimo chake kwa mtu mzima ni desibeli 80 kwa saa 40 kwa wiki. Kila desibeli tatu zikiongezeka, muda unagawanywa kwa mbili: 83 ni saa 20, 86 ni saa 10, 89 ni saa tano tu kwa wiki nzima. Anayesafiri kila siku na sauti ya juu huzimaliza kabla ya siku ya tano.

Ndani kabisa ya sikio kuna chembe nyembamba zenye vinywele, karibu 15,000 kwa kila sikio, ambazo hugeuza mitetemo kuwa habari kwa ubongo. Kwa binadamu, zikifa hazioti tena. Sauti ya filimbi masikioni baada ya kuvua ekuteri ni onyo lake. Kwa hiyo mahali penye kelele lakini pasipo hatari ya kugongwa, kama mtu ameketi ndani ya basi au anasoma nyumbani huku jenereta ikipiga, mshindi ni kipira: kinazima kelele, na wimbo unasikika vizuri kwa sauti ya chini. Faida hiyo ipo tu kwa anayeipunguza sauti kweli. Anayeziba sikio na kubaki na sauti ileile ya juu amejidhuru zaidi.

Kuna swali moja ambalo wauzaji wa ekuteri zisizo na waya hawalipendi: redio. Simu nyingi zenye FM hutumia waya wa ekuteri kama antena. Mawimbi ya FM yana urefu wa mita tatu hivi, na waya wa mita moja unatosha kuyadaka. Bila waya, redio ya simu hukataa kufunguka au hutoa mchakato mtupu. Kwa anayefuata habari za asubuhi bila kununua megabaiti, waya wa bei ndogo unashinda ekuteri za kisasa, na hauhitaji kuchajiwa siku ambayo umeme umekatika.

Baki usafi. Kwenye ekuteri za kipira, nta ya sikio hukusanyika kwenye wavu mdogo wa mbele, na upande mmoja huanza kusikika kidogo kuliko mwingine; watu huzitupa wakidhani zimekufa, kumbe brashi laini ya meno, kavu, ingezirudisha. Vipira vinaweza kuondolewa, kuoshwa kwa maji na sabuni na kuachwa vikauke kabisa kabla ya kurudishwa. Kuazimana ekuteri za kipira ni kuazimana kilicho ndani ya masikio. Na sikio linalouma au linalotoa usaha halizibwi na kitu chochote mpaka mganga alitazame.