Askari Waunguzao Nyumba

Virusi vya korona vikiingia mapafuni, kinga ya mwili huondoka kama askari kupigana navyo. Lakini mara nyingine vita huzidi kipimo: mapafu huvimba, pumzi ikakatika. Askari wanaiunguza nyumba waliyopewa kuilinda.

Mwaka 2020 waganga wa Uingereza waliijaribu deksamethazoni, dawa ya zamani, ya bei ndogo, iwatulizayo askari hao. Katika kila wagonjwa 100 waliopumulia mashine, walikufa 41 bila dawa hiyo. Kwa waliopewa, 29. Lakini wasiohitaji oksijeni haikuwafaa kitu.

Basi tusiinunue sokoni kwa ajili ya kikohozi: askari akifungwa mikono mapema, adui huenda akastarehe. Mganga wa hospitali ndiye ajuaye saa yake.