Kuuzoeza Mwili Nyumbani Kabla ya Kuruka kwa Mwavuli

Watu wengi hudhani ya kuwa mwenye kuruka toka katika ndege huporomoka tu bila hiari wala tadbiri hadi mwavuli umfungukie. Na hata wajuzi wa mambo ya anga waliwahi kuamini kwamba aangukaye hivyo huzimia, mpaka Aprili 28, 1919, Leslie Irvin aliporuka huko Dayton, Marekani, akaufungua mwavuli kwa mkono wake mwenyewe. Hata hivyo, kubaki na fahamu si kutulia, kwani warukaji wa awali aghalabu walibiringika ovyo, hadi katika miaka ya 1940 Mfaransa Léo Valentin alipodhihirisha ya kwamba mwili uliobinuliwa, viungo vikitandazwa sawasawa, huilalia hewa kwa utulivu.

Sababu yake ni hii: nyonga ikisukumwa mbele, kifua na mapaja yakainuka, uzito wa mwili hushuka chini katikati, ilhali mikono na miguu hubaki juu, na upepo uendao kasi ya kilomita 190 hivi kwa saa humrudisha mtu katika kulala kifudifudi kila anapoyumba, mfano wa mtumbwi wa Mto Tana ambao uzito ulio chini ndani yake huuzuia usipinduke. Aliyeruka toka mita 4,000 ana sekunde 50 tu, au zaidi kidogo, kabla ya kufungua mwavuli, na huo si wakati wa kukumbuka mguu ukae wapi.

Kwa mkazi wa Garissa, Wajir au Mandera aitamaniye fani hii, mahali mashuhuri pa kuruka nchini Kenya ni Diani, katika kaunti ya Kwale, safari ndefu ya kupitia Garsen na Mombasa. Kwa hiyo ni busara aanze maandalizi nyumbani, akitandika mkeka uani alfajiri au baada ya magharibi, joto linapopungua.

Na alale kifudifudi, aikandamize nyonga chini, ainue kifua na kidevu, atazame mbele, akunje viwiko hata viganja vilingane na kichwa, kisha ainue magoti, yakitengana kwa upana wa mabega, miundi ikikunjwa nusu. Akae hivyo kwa pumzi chache, apumzike, arudie, huku mwenzake akimchunguza kama pande mbili zinalingana, maana mkono mmoja ukishuka kuliko mwingine, huko angani mwili huanza kuzunguka. Baadaye azoee utaratibu wenyewe: kutazama upeo wa macho, kusoma saa ya kimo, kisha kupeleka mkono wa kulia nyuma ya nyonga kushika kishikizo cha mwavuli, wakati uo huo akiuleta wa kushoto mbele ya kichwa, kwani ukiachwa mahali pake mizani huvurugika.

Lakini mkeka una mipaka yake. Sakafuni misuli hujikaza ili kuinua viungo, ilhali angani upepo wenyewe huviinua, na kinachotakiwa ni kulegea huku mgongo umebinuka. Hivyo ajikazaye sana nyumbani huenda akafika juu akiwa amekakamaa, na mwili uliokakamaa hutikisika. Hisia ya upepo hufunzwa katika vyumba maalumu ambamo mitambo husukuma hewa toka chini, kama vilivyoko Dubai na Abu Dhabi, au hewani kwenyewe, pamoja na mkufunzi.

Kwa hiyo, msomaji, lifanye zoezi la mkekani kuwa la kuikumbusha akili mpangilio, wala usilidhanie kuwa ruhusa ya kuruka. Mwenye maradhi ya mgongo amwone tabibu kwanza. Asijaribu mtu yeyote kujirusha toka darini wala mtini kwa kisingizio cha mazoezi. Na mkufunzi akikuelekeza kinyume cha ulivyojizoeza, mfuate yeye.