Eka za Zabibu Dodoma

Mradi wa zabibu unapoandikwa, hesabu huanza na eka: ngapi zisafishwe, miche mingapi ipandwe, tani ngapi zivunwe. Dodoma inastahili miradi hiyo, maana hakuna mkoa mwingine wa Tanzania unaolima zabibu za mvinyo kwa wingi kama huo. Ila eka mbili zinazopakana huko zinaweza zisifanane kwa lolote.

Miamba ya katikati ya Tanzania ni ya kale mno, mingi yake ikiwa na zaidi ya miaka bilioni 2.5. Vilima vya granaiti vinavyouzunguka mji ni sehemu yake. Granaiti hiyo imemomonyoka ikaacha miteremkoni udongo mwekundu wa kichanga, usio na rutuba nyingi na unaopitisha maji upesi. Mahindi hunyong'onyea hapo. Mzabibu huzamisha mizizi, haulemewi na majani, na ukipewa samadi ya ng'ombe huzaa vizuri. Shuka bondeni na mambo hubadilika: udongo mweusi wa mbuga, unaotuama maji masika na kupasuka nyufa kiangazi hadi kukata mizizi. Mpimaji anayegawa shamba la pamoja kwa mistari iliyonyooka hutoka kichangani akaingia mbugani bila kusimama. Matokeo yake mmoja huvuna, jirani yake hubaki na mizabibu iliyodumaa, na mkopo ni wa wote.

Kisha kuna hali ya hewa. Ufaransa, baridi kali huulaza mzabibu kila mwaka. Dodoma, nyuzi 6 kusini mwa ikweta na mita zipatazo 1,100 juu ya usawa wa bahari, haina baridi ya kuulaza, hivyo kazi hiyo hufanywa na ukame na mkasi wa mkulima. Akishapogolea, mzabibu huchipua upya, na ndiyo maana huvunwa mara mbili kwa mwaka: karibu na Machi, na tena Agosti na Septemba. Waandishi wa mipango hupenda sana sentensi hiyo. Huchukua tani za msimu mmoja wakazidisha kwa mbili.

Hapo ndipo hesabu inapokosea. Zabibu za masika hukua katika unyevu, zikiandamwa na ubwiri na kuoza, na mvua ikinyesha karibu na mavuno sukari hupungua. Za kiangazi hupata jua la mchana na ubaridi wa usiku wa Juni na Julai unaohifadhi ukali wake, nao mvinyo unauhitaji. Lakini hizo hazina mvua. Dodoma hupata chini kidogo ya milimita 600 kwa mwaka, karibu zote kati ya Desemba na Aprili, kwa hiyo zao bora la mwaka linategemea kisima kirefu, pampu na bili ya umeme. Na pale maji ya kisima yanapokuwa na chumvi, umwagiliaji wa matone huiacha kandokando ya mizizi, kwa kuwa mvua ni haba mno kuiosha. Chumvi hiyo haionekani mwaka wa kwanza, wakati wageni wanapoletwa kuona shamba.

Mvua hiyohiyo huwafanya wakulima wengi wapogolee kwa wakati mmoja, na zabibu zikaiva kwa pamoja. Joto halizisubiri. Mwenye tanki hukamua na kuhifadhi mchuzi wa zabibu akingoja mnunuzi. Asiye na tanki hupokea bei yoyote atakayotajiwa, na hilo linaniuma kuliko ugonjwa wowote wa majani, kwa sababu lingeweza kuzuiwa mezani.

Ningependa mradi ujao uanze na mashimo ya udongo kila baada ya hatua chache, na maji ya kisima yapimwe chumvi kabla bomba halijanunuliwa. Kituo cha utafiti wa zabibu kipo Makutupora, hapohapo Dodoma. Upogoleaji upangwe kwa zamu, kitalu baada ya kitalu, na matanki yawekwe kijijini kabla ya mche wa kwanza kuingia ardhini.