Kusoma si Kutamka Tu: Darsa ya Chura kwa Watoto Wetu



Nimeombwa niandike habari za darsa ndogo ya Kiswahili tunayowasomesha watoto hapa Dubai kila Jumamosi baada ya Alasiri. Wengi wenu mmeniuliza: “Mwalimu, mbona wanetu wakirudi nyumbani hawana hadithi ila ya chura?” Jawabu yake ndiyo makala haya.

Sababu ilianzia nyumbani kwangu. Dada yangu aliyeko Unguja alimwandikia mjukuu wangu wa miaka minane kwa simu. Alimweleza kuwa keshokutwa atapasuliwa jicho, na kwamba angependa kusikia sauti zetu kabla ya kuingia hospitali. Mtoto aliusoma ujumbe wote, akajibu, “Ahsante bibi, nimesoma,” akaenda kucheza. Hakutwambia kitu, na siku ile hakuna aliyempigia. Alhamdulillahi jicho lilipona, lakini dada yangu aliingia hospitali akidhani tumempuuza.

Nilipompa mtoto ausome tena mbele yangu, aliusoma bila ya kukwama hata neno moja. Nikamuuliza, “Bibi amesema nini?” Akanyamaza. Kumbe kwa muda wote ule nilikuwa nikijisifu kuwa mjukuu wangu anajua kusoma.

Nisimlaumu, kwani mimi mwenyewe nilipita njia hiyo. Nilisoma chuoni kabla ya kuingia skuli, nikihitimu juzuu baada ya juzuu. Neno “dhafaadi'a” nilikuwa nikilisoma katika Suratul A'raf, aya ya 133, wala sikujua kuwa ni vyura walioletewa watu wa Firauni, mpaka nilipofika sekondari. Qur'ani ina haki yake ya kusomwa kwa matamshi mazuri, na thawabu yake ipo hata kwa asiyejua Kiarabu. Lakini barua ya bibi imeandikwa ili ifahamike.

Basi kwa nini chura? Kwanza, watoto humpenda. Pili, maisha yake yana mpango, na asiyefuata mpango ule hutambulika upesi. Chura hutaga mayai majini. Mayai huangua viluwiluwi, ambao huvuta pumzi kwa mashavu kama samaki na aghlabu hula utando wa kijani ulioshika mawe. Kisha huota miguu ya nyuma, halafu ya mbele, na mapafu hushika kazi ya mashavu. Mkia nao hupungua kidogo kidogo mpaka ukaisha.

Hapo pana mtego. Nikiuliza, “Mkia umekwenda wapi?” karibu watoto wote hujibu kuwa umekatika. Huwarudisha kwenye maandishi: mkia umenywewa na mwili wa chura mwenyewe, ukawa chakula chake wakati kinywa chake kinapobadilika. Tangu siku hiyo hujifunza kurudi kwenye mstari kabla ya kujibu.

Maswali yangu ni ya namna tatu. La kwanza, jawabu yake imeandikwa waziwazi. La pili, lazima mtoto aunganishe sentensi mbili. La tatu, jawabu haimo katika karatasi. Mtoto aifikiri mwenyewe kutokana na aliyoyasoma. Kwa mfano, wanasoma kuwa chura hanywi kwa mdomo, bali hufyonza maji kwa ngozi yake. Kisha nawapa methali yetu: makelele ya chura hayamzuii ng'ombe kunywa maji. Nawauliza: nani katika hao wawili anayekunywa kwa kinywa? Na methali yenyewe inamsema nani?

Wako waliodhani kuwa nchi hii ya mchanga haina chura. Wapo, tena wenyeji wa namna mbili: chura wa Uarabuni na chura wa Dhofar. Hukaa katika mabonde ya milima ya Hajar, kama Hatta kwetu Dubai na Wadi Wurayah kule Fujairah, bonde lililowekewa hifadhi mwaka 2009. Mvua ikikosekana, huyu wa Dhofar hujificha ardhini akaingoja. Tuliwapeleka watoto Hatta, wakawaona viluwiluwi katika dimbwi, na kila mmoja akaandika sentensi tano.

Somo lililowagusa zaidi ni la chura wa Kihansi, huko Tanzania bara. Ni mdogo sana, na hatagi mayai, huzaa watoto walio vyura kamili. Alijulikana kwa wataalamu mwaka 1996, akiishi penye manyunyu ya maporomoko ya mto Kihansi tu. Mto ulipozuiliwa kwa ajili ya umeme, manyunyu yakapungua. Mwaka 2000 vyura wapatao 500 walipelekwa Marekani, katika bustani ya wanyama ya Bronx. Mwaka 2009 akatangazwa kuwa ametoweka kwao. Lakini wale wa ugenini walikuwa wamezaana. Mwaka 2010 baadhi yao walirudishwa Dar es Salaam, Chuo Kikuu, na mwaka 2012 wakaanza kuachiwa Kihansi, ambako manyunyu yalikuwa yamekwisha kutengenezwa kwa mabomba.

Nilipomaliza, mjukuu wangu yule yule aliinua mkono. “Babu, hawa waliorudishwa wamezaliwa Marekani. Waliijuaje Kihansi kuwa ni kwao?”

Swali hilo halimo katika karatasi yangu. Nilimwambia amwandikie bibi yake amuulize. Akaandika mwenyewe, na jawabu ilipokuja akaja mbio kunisimulia: bibi anasema jicho linaona vizuri, masika yameanza, vyura wanapiga kelele kisimani usiku kucha, na sisi tunakuja lini?

Ndugu zangu, darsa yetu ni saa moja tu kwa wiki. Kila jioni mpeni mtoto aya moja ya Kiswahili, iwe ya chura au barua ya shangazi. Akimaliza msimwambie “umesoma vizuri.” Mwambieni afunge karatasi, akusimulieni. Mkiona amenyamaza, rudini naye mwanzo kwa upole.

Wabillahi tawfiq.