Klape ya moyo inavuja: leo wanaifunga bila kupasua kifua

Sisi wa kazi ya shimo tunajua pompi. Klape yake isipofunga muzuri, maji yanarudi nyuma na motere inachoka bure. Moyo nao iko vile vile. Klape ya mitrali, upande wa kushoto, ikivuja, damu inarudi upande wa mapafu. Muntu anakosa pumzi kwa kupanda ngazi kidogo, miguu inavimba, usiku analala akiegemea mito.

Dawa ya zamani ni kupasua kifua na kusimamisha moyo, mashini ikishika kazi yake. Lakini muzee wa miaka 80, ao mwenye moyo na figo zilizochoka, anaweza kufa kwa hiyo operasyo.

Mwaka 1991 munganga wa Italia, Ottavio Alfieri, alishona katikati ya ngozi mbili za klape. Damu ikapita pande mbili, kuvuja kukapungua. Kwa wazo hilo walitengeneza MitraClip: kibanio kidogo kinachopitishwa ndani ya mushipa wa paja mpaka kwenye moyo, moyo ukiendelea kupiga. Mugonjwa wa kwanza alikipata mwaka 2003. Marekani iliruhusu mwaka 2013, kwa wale ambao kupasuliwa ni hatari sana.

Kinasaidia wote? Hapana. Mwaka 2018 yalitoka majibu ya uchunguzi mbili kwa watu wenye moyo uliolegea. Ufaransa, wagonjwa 304: kisha mwaka moja, hakuna tofauti kwa kufa ao kurudi hopitali. Marekani na Kanada, wagonjwa 614: kisha miaka mbili, kati ya 100 wenye kibanio walikufa 29, kati ya 100 wenye dawa tu, 46. Kumbe kuchagua mugonjwa ndiyo kazi kubwa.

Na kwetu? Klape nyingi zinaharibiwa na rematisme, inayoanza na koo ya mutoto isiyotunzwa. Klape inakuwa ngumu, na mara nyingi kibanio hakifai tena. Basi wazazi, mutoto mwenye homa na koo inayouma apelekwe kwa munganga. Aliyekwisha kupata hiyo rematisme anahitaji sindano ya penisilini kila wiki 3 ao 4, miaka mingi, bila kuruka.

Ndugu wa sendika, tukikaa na mukubwa wa kazi juu ya matunzo ya jamaa, tuombe mambo mawili yaandikwe: ekografi ya moyo na sindano hiyo. Kibanio ni cha feza nyingi. Penisilini haiko ya feza nyingi.